Kutná Hora na baba, mji uliosimama juu ya fedha

IJUMAA, PRAHA

Nianze kwa kusema hii safari haikuwa yangu, ilikuwa ya baba. Mimi nafanya unesi Dresden huku Ujerumani, mwaka wa nne sasa, na mzee amekuja kunitembelea kwa mara ya kwanza, nikamuuliza baba unataka uone nini, nilidhani atasema uwanja wa mpira au ukuta wa Berlin, akaniambia "mama, nipeleke sehemu walikokuwa wanachimba." Baba yangu alikuwa mwanaapolo. Kwa wasiojua, wanaapolo ndo wachimbaji wa tanzanite pale Mererani, na mzee amekaa kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, miaka karibu 19, sisi watoto wanne tumesomeshwa na hayo mawe, ingawa kuna miaka duara lilikuwa halitemi kitu kabisa na mama ndo alishikilia nyumba kwa maandazi yake. Basi nikatafuta tafuta nikakutana na Kutná Hora, mji wa migodi ya fedha huko Czech, kutoka Praha kwa treni ni kama saa moja tu. Nikasema ndo hapa hapa.

Dresden mpaka Praha treni inachukua masaa mawili na nusu hivi, inafuata mto, Wajerumani wanauita Elbe na ukivuka mpaka Wacheki wanauita Labe, milima ya mawe pande zote, baba alikaa dirishani hakuongea sana. Tumefika jioni, tumeacha begi gesti, tukatembea mpaka daraja la Karlo, lile la mawe lenye masanamu 30 ya watakatifu, lilianza kujengwa 1357 na mpaka leo watu wanapita kwa miguu. Pia tukasimama chini ya ile saa maarufu ya mwaka 1410 pale uwanjani, mitume wanatoka kwenye vidirisha kila saa ikigonga, watu wamejaa na simu juu. Nzuri sana Praha, ila nisiwadanganye, mawazo yetu wote wawili yalikuwa kesho, mzee saa tatu usiku ameshalala na viatu kaviweka mlangoni tayari.

JUMAMOSI, KUTNÁ HORA

Asubuhi: Sedlec

Tumepanda treni ya asubuhi pale stesheni kuu ya Praha. Kitu cha kujua, Kutná Hora ina stesheni zaidi ya moja, ile kubwa iko upande wa Sedlec, kilomita kama tatu kutoka mjini kati, na hiyo ni faida kwako maana Sedlec ndo kwenye kanisa la mifupa, kwa hiyo unaanzia huko kwa miguu halafu unaelekea mjini mdogo mdogo. Tiketi hazikatwi pale kanisani, unakata kwenye ofisi ya watalii iliyo jirani, na ukichukua ya pamoja unaingia kanisa la mifupa na kanisa kubwa la Sedlec kwa mkupuo.

Hapo Sedlec palikuwa na monasteri ya watawa wa Sistasiani tangu 1142. Inasimuliwa kwamba karne ya 13 mkuu wa monasteri alitumwa na mfalme kwenda Yerusalemu, akarudi na udongo wa Golgota akaunyunyiza makaburini, basi ikawa kila mtu anataka azikwe hapo. Halafu likaja tauni la 1348, halafu vita vya wafuasi wa Jan Hus, mhubiri wa Kicheki aliyepingana na Kanisa Katoliki, karne iliyofuata, makaburi yakajaa yakafurika. Mifupa ikafukuliwa ikapangwa kwenye kikanisa cha chini, na mwaka 1870 fundi wa kuchonga mbao, František Rint, akapewa kazi na familia ya Schwarzenberg aipange vizuri. Alichofanya ndo hicho watu wanasafiri kuja kukiona, kuna taa kubwa ya kuning'inia imetengenezwa kwa mifupa yote ya aina zote iliyo kwenye mwili wa binadamu, kuna nembo ya ukoo wa Schwarzenberg, mafuvu yamefungwa kama shada, na mpaka jina lake Rint kaliandika kwa mifupa ukutani. Wanakadiria ni mabaki ya watu kati ya elfu 40 na elfu 70.

Picha hairuhusiwi humo ndani na mimi naunga mkono kabisa. Nikiwa nesi nimeshaona vifo, nilijua nitakuwa sawa, lakini nilipokaribia lile rundo la mafuvu lililopangwa kama piramidi nikaona moja dogo, la mtoto, nikashindwa kupita haraka. Baba alivua kofia toka mlangoni. Alisimama muda mrefu mbele ya rundo lile la kushoto, mikono nyuma, akasema kwa sauti ndogo "hawa wengine walikuwa wachimbaji tu, mji wenyewe ni wa wachimbaji, watakuwa nani tena." Sikuwa nimefikiria hivyo. Tumetoka hatujaongea mpaka barabarani.

Kanisa kubwa la Sedlec liko hatua chache tu, ndani jeupe na la manjano hafifu, mwanga unaingia mpaka unajisikia mwepesi baada ya kule kwenye mifupa. Lilichomwa 1421 kwenye vita, likakaa gofu miaka kama 280, ndo fundi Jan Blažej Santini akalisimamisha upya mwanzoni mwa karne ya 18. Monasteri yenyewe ilifungwa 1783 na majengo yake yakawa kiwanda cha tumbaku mpaka leo. Tukakaa kwenye benchi dakika kama ishirini, mzee akapumzisha goti.

Mchana: chini ya ardhi

Kutoka Sedlec kuna basi na kuna kitreni cha behewa moja kinachokuteremsha mjini kati, sisi tulipanda hicho. Mji uko juu ya kilima, vichochoro vya mawe vinapanda na kushuka havina mpango, na kumbe sababu ni hiyo hiyo migodi, watu walijenga nyumba pale walipochimba, hakuna aliyekaa chini kuchora ramani. Baba aliposikia akacheka, akasema ni Mererani tupu, hata kwetu njia inafuata duara.

Kuhusu jina la mji kuna hadithi, eti mtawa mmoja alisinzia mlimani, alipoamka akaona vijiti vya fedha vimeota ardhini, akafunika pale kwa joho lake ili asipasahau akakimbia kuwaita wenzake. Joho la mtawa kwa Kicheki ni kutna na hora ni mlima. Kabla ya mgodi tulikula kwanza, niliona kwenye menyu dršťková nikamuuliza mhudumu, ni supu ya utumbo jamani! Ina pilipili ya paprika nyekundu na inaliwa na mkate. Mzee alikula mabakuli mawili, akasema huyu mpishi ana ndugu Tengeru. Mimi nikachukua svíčková, nyama ya ng'ombe na mchuzi mzito wa maziwa na mboga, pamoja na knedlíky, hii ni kama mkate uliochemshwa ukakatwa vipande vya duara, inanyonya mchuzi vizuri sana.

Sasa Hrádek. Hii ni ngome ndogo ambayo sasa ni makumbusho ya fedha, na ziara ndefu ndo inakushusha mgodini kwenyewe. Nawashauri mwekeshe nafasi mapema mtandaoni maana kikundi ni cha watu wachache, na majira ya baridi wanafunga. Sisi tulipata kikundi cha Kicheki, tukapewa maelezo kwenye karatasi kwa Kiingereza na mimi namtafsiria baba, ila ukweli baada ya dakika kumi baba ndo alikuwa ananitafsiria mimi.

Nieleze ilivyokuwa. Kwanza mnapitishwa kwenye banda lenye trejv, gurudumu kubwa sana la mbao lenye mhimili katikati, farasi walikuwa wanazunguka wakilivuta na kamba inapandisha mawe na maji kutoka chini. Baba kalizunguka lote, kagusa pale kamba inapojiviringa, ananiambia "hii ni winchi, sisi tulikuwa na ya mkono, watu wanne wanazungusha na mmoja yuko chini anaomba Mungu." Halafu wanakuonesha nyundo ndogo na tindo yenye mpini. Ndo hizo tu. Enzi hizo hakuna baruti wala kompresa, mtu anagonga mwamba futi kwa futi na hiyo tindo, taa yake ni kibakuli cha mafuta ya mnyama, na nyuma kiunoni kafunga ngozi ili ashuke kwa kuteleza akikalia. Mzee akashika kichwa. Aisee sijawahi kumwona baba akistaajabu kazi ya mtu mwingine hivyo.

Wanakuvika koti jeupe refu lenye kofia ya nyuma, na helmeti, na tochi. Wachimbaji wa zamani walivaa hivyo hivyo vyeupe, eti ili mwenzako akianguka gizani umwone. Nilimpiga baba picha na lile koti kabla hatujaingia, amesimama wima kama anaenda kuapishwa, nimeifanya ndo picha ya simu yangu.

Kisha mnashuka ngazi, nyingi, unasikia baridi inakupanda miguuni, humo ni nyuzi 12 mwaka mzima. Njia yenyewe ni kama mita 250. Kuna mahali unapita wima vizuri na kuna mahali unainama mpaka mgongo unakataa, kuna mahali mabega yote mawili yanagusa mwamba na inabidi upite kiubavu ubavu, kuta zinatiririka maji na zina alama za tindo, moja moja, ukiangalia karibu unaziona kama mistari ya kuchana nywele. Niliogopa, nasema wazi, moyo ulikuwa unagonga na nilikuwa nimeshika koti la baba kwa nyuma kama nilivyokuwa namshika sokoni nikiwa mdogo. Yeye anatembea tu. Goti lililokuwa linamsumbua barabarani sijui lilienda wapi, anaweka mguu anajua, anainamisha kichwa kabla mwamba haujafika, mbele yetu helmeti za watu zinagonga ko ko ko, yake haikugonga hata mara moja.

Katikati ya njia kiongozi wetu, dada mmoja kijana, akaomba wote tuzime tochi. Giza lile siwezi kulielezea, ukifumba na ukifumbua macho ni kitu kimoja. Kimya, maji yanadondoka tu. Nikasikia baba anapumua, kisha ananiambia kwa Kibondei, lugha ambayo huwa haongei na mimi ila akiwa na jambo zito, maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama "hivi ndivyo nilivyokuwa nakuwazeni." Taa zikawashwa, sikumuuliza kitu, na ni vizuri kila mtu alikuwa na helmeti imemshukia usoni.

Mgodi mmoja hapa mjini unaitwa Osel, maana yake punda, wachimbaji wa zama zile waliufikisha mita kama 500 kwenda chini, kwa nyundo na tindo ile ile niliyowaambia. Na kuna kitu baba alinirudisha nikisome mara mbili. Mwaka 1300 mfalme Václav wa pili alitoa sheria ya migodi, iliandikwa kwa Kilatini na mwanasheria kutoka Italia, na ndani yake ilipanga mpaka zamu, masaa sita sita. Baba akauliza una uhakika wa mwaka? Nikamwambia ndio, 1300. Akanyamaza, halafu "sisi tulikuwa tunalala huko huko chini siku mbili, tatu." Alipoacha kazi ilikuwa baada ya mafuriko ya 2008, maji yaliingia maduarani usiku na wenzake wengi hawakutoka. Hilo nalijua kwa mama, baba hajawahi kulisimulia, na pale pia hakulisimulia.

Ila sio kwamba sheria ilileta utu kwa kila mtu. Wakati wa vita vya Wahus, wachimbaji wa hapa ambao wengi walikuwa Wajerumani Wakatoliki waliwatupa wafuasi wa Hus kwenye mashimo ya migodi, wengine wangali hai. Mashimo yale yale. Nilisoma hiyo tukiwa tumeshatoka nje kwenye jua na nikatamani ningeisoma siku nyingine.

Alasiri: Mtakatifu Barbara

Mgodi unatokea upande mwingine wa kilima, na kutoka hapo unapita barabara ya Barborská, mkono mmoja chuo cha zamani cha Wajesuiti na mkono mwingine ukingo wenye masanamu ya watakatifu, chini bonde na mizabibu, mbele yako kanisa la Mtakatifu Barbara. Paa lake ni kama mahema matatu yamesimikwa pamoja na pembeni kuna matao ya mawe yanaegemeza kuta, ukiliona kwa mbali ni kama linataka kuruka. Barbara ndo msimamizi wa wachimba madini. Kanisa lilianza 1388 na Jan Parléř, mtoto wa yule fundi wa kanisa kuu la Praha, vita vikasimamisha, fedha ikapungua ardhini ikapungua na mifukoni, wakaendelea, wakasimama, limekamilika 1905. Zaidi ya miaka 500! Na waliolipia sio askofu wala mfalme, ni wenye migodi na watu wa mji wenyewe.

Ndani angalia juu, dari aliloliwaza Benedikt Rejt mistari yake inajikunja kama maua, katikati kuna nembo za vyama vya mafundi. Ila sisi tulichofuata ni michoro ya ukutani, maana humu ukutani hawakuchora watakatifu peke yao, kuna watu wanagonga sarafu, wamekaa kwenye kazi zao na nyundo. Na kuna sanamu ya mchimbaji, amevaa koti jeupe, kashika taa. Mtu wa kawaida kabisa, kawekwa kanisani. Baba alikaa kwenye kiti kilicho karibu naye karibu nusu saa, mimi nimezunguka kanisa zima nimerudi nimemkuta palepale. Akaniuliza huyu jina lake nani. Nikasoma kibao, hakuna jina, ni mchimbaji tu. "Sawa," akasema, "basi ni wote."

Jioni: pale fedha ilipokuwa fedha

Mwisho tulikimbilia Vlašský dvůr kabla hawajafunga, maana yake ua wa Waitalia. Huyo huyo Václav wa pili mwaka 1300 alileta mafundi kutoka Florence, akakusanya ugongaji wa sarafu wa nchi nzima hapa, wakatengeneza groš ya Praha, upande mmoja taji na upande wa pili simba wa mikia miwili, ikatumika nchi nyingi za Ulaya na ikaendelea kugongwa mpaka 1547. Kwa Kiswahili tuna bahati, hatuhitaji kueleza sana, kitu kinachotoka ardhini tunaita fedha na kitu kilicho mfukoni tunaita fedha. Hapa ndo palepale cha kwanza kilipogeuka kuwa cha pili, kwa pigo moja la nyundo. Fundi akatuonesha, anaweka kipande kati ya mihuri miwili, anapiga, sauti inaingia mpaka kwenye meno, sasa piga hesabu wanaume wangapi humo chumbani kutwa nzima.

Na hapa kuna kitu kilichonifurahisha mno. Fedha ya Kutná Hora ilipoanza kuisha, mji mwingine wa hapa Bohemia, ndo jina la zamani la nchi hii ya Wacheki, unaitwa Jáchymov, Wajerumani waliuita Joachimsthal, ukaibuka mwanzoni mwa karne ya 16, sarafu zake nene zikaitwa kwa jina la mji, wakafupisha ikawa taler, na huko ndo lilikotoka neno dola. Na taler ya Maria Theresa, mtawala wa Austria ambaye alikuwa pia malkia wa Bohemia, ile yenye mwaka 1780, ndo ilikuja kutembea pwani yetu mpaka Zanzibar, wazee wakaiita riale. Nilipomwambia baba akasimama katikati ya barabara, akasema bibi yake wa Muheza alikuwa anahesabu mahari kwa riale na wao watoto walidhani ni neno la hadithi tu.

Tumeshuka taratibu, tumepita nguzo ya 1715 ya kukumbuka tauni na kisima cha mawe cha 1495 chenye pembe 12, kimechongwa kama kanisa dogo. Hapa maji yalikuwa shida kwa sababu migodi iliharibu chemchemi, ikabidi yaletwe kutoka mbali kwa mabomba ya mbao. Baba akasema ndoo ya maji Mererani ilikuwa bei kuliko soda. Treni ya saa moja jioni, mzee kalala njia nzima kichwa begani kwangu.

JUMAPILI, KURUDI

Asubuhi Praha ilikuwa na mvua, tulikunywa chai tu na kuelekea stesheni. Treni ikafuata tena mto. Tukiwa hatujafika mpakani baba akaniomba nimwonyeshe jinsi ya kutuma sauti Wasap, nikamwekea, akamrekodia rafiki yake aliyebaki Mererani. Dakika kumi na moja. Alimwelezea trejv, akamwelezea tindo, upana wa njia kwa kupima na viganja, koti jeupe, akamwambia wameniweka kanisani bwana, mwenzetu mmoja yuko kanisani na taa yake mkononi. Halafu akaanza kutaja majina, moja moja, taratibu, ya wale wa 2008. Mimi nikageukia dirisha, mto unaenda, sikutaka akatize.